Miaka yangu na mikroglia, na swali la "lini"

Nilipoanza masomo ya uzamivu nilitaka kuchunguza umeme wa niuroni, seli za neva zinazopelekeana ishara, kama walivyotaka wenzangu karibu wote. Nafasi zilikuwa zimejaa. Msimamizi wangu akaniambia upo mradi mmoja uliokosa mwenyewe, wa seli ziitwazo mikroglia, na kwamba nikiuchukua sitagombania hadubini na mtu yeyote. Alisema kwa utani, lakini ilikuwa kweli tupu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mikroglia zilikuwa kitu cha pembeni. Tulijua ni seli za kinga zinazoishi ndani ya ubongo, huenda asilimia 5 hadi 10 ya seli zake zote, na kwamba mambo yakiharibika hujitokeza na kumeza mabaki. Vitabu vilizipa ukurasa mmoja kisha vikarudi haraka kwenye niuroni.

Wala hazikuwa seli ngeni. Mhispania Pío del Río Hortega ndiye aliyezitofautisha na nyingine na kuzipa jina mwaka 1919, kwa njia ya kuzitia rangi kwa madini ya fedha ambayo aliihangaikia mwenyewe. Michoro yake bado naionyesha darasani, maana ina mambo ambayo picha zetu za leo zinayathibitisha tu. Hata Alois Alzheimer, alipoandika mwaka 1907 kuhusu ubongo wa mgonjwa wake, hakuishia kwenye mabonge na mafundo ya protini yanayotajwa kila mara jina lake linapotajwa. Alieleza pia kwamba glia, yaani seli zinazozizunguka niuroni, zilikuwa zimebadilika na kujaa mafuta. Wasomaji wake wakachukua mabonge na mafundo, wakaacha hayo mengine.

Kilichorudisha macho ya watu kwenye mikroglia ni kazi ya miaka ya 1980, hasa ya Patrick McGeer na wenzake kule Kanada. Walipochunguza bongo za watu waliofariki wakiwa na Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, au Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka, waliziona seli hizi zimebeba alama za kinga iliyoamshwa. Huo ndio mchochota wa ubongo: kinga imewaka, seli zimenenepa, zinamwaga kemikali za kuitana na kumeza vilivyo jirani. Baadaye ikaonekana kwamba watu wenye baridi yabisi ya viungo, ambao humeza dawa za kutuliza mchochota kwa miaka mingi, hawapati sana Alzheimer. Mwaka 2001 ukatoka utafiti wa Rotterdam uliofuatilia watu karibu 7,000: waliotumia dawa hizo kwa miaka miwili au zaidi walikuwa na hatari ndogo mno ya kupata ugonjwa huo.

Basi sote tukawa kama kikosi cha zimamoto. Ubongo unaungua, dawa ya kuuzima ipo, tena ni ya bei rahisi na inajulikana. Hakuna aliyeona haja ya kuuliza maswali mengi.

Jaribio kubwa la kuzuia Alzheimer kwa dawa hizo za mchochota, lililoitwa ADAPT, lilianza mwaka 2001 likiwa na watu zaidi ya 2,500 wenye miaka 70 na kuendelea, waliokuwa na ndugu mwenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Wengine walipewa naproxen, wengine celecoxib, wengine dawa bandia. Desemba 2004 utoaji wa dawa ukasitishwa kwa sababu ya wasiwasi kuhusu moyo, na takwimu zilipochambuliwa hazikuonyesha kinga yoyote. Majaribio mengine kwa watu waliokwisha kuugua nayo yalikuwa yameshindwa. Nilikuwa kwenye kikao cha idara habari zilipotufikia. Mwenzangu mmoja alifunga kompyuta yake akasema, "Bora ningebaki na umeme wangu." Wapo walioondoka kwenye uwanja huu mwaka uleule, na siwalaumu.

Mimi nilibaki, na sababu haikuwa ushujaa. Nilikuwa nimekwisha kukusanya data za nusu ya tasnifu. Lakini ubishi wa wakati ule ulinipa swali ambalo sijaliacha hadi leo. Watu wa Rotterdam walimeza dawa zao miaka mingi kabla ya dalili yoyote. Watu wa majaribio walizianza uzeeni, au wakiwa tayari wameanza kusahau. Leo tunajua kwamba amiloidi, protini ya yale mabonge, huanza kujikusanya miaka 15 hadi 20 kabla mtu hajaanza kurudia hadithi ileile mezani. Dawa ni moja, nyakati ni tofauti, na hatukuwa tumeuliza mchochota ule ulikuwa unafanya kazi gani katika kila wakati.

Kisha mwaka 2005 nikaona video ambayo, kwa maoni yangu, ilibadilisha fani yetu kuliko makala kumi. Watafiti walikuwa wamelikwangua fuvu la panya aliye hai hadi likapitisha mwanga wa leza, wakazirekodi mikroglia zake zikiwa kazini. Seli tulizoziita "zilizopumzika" hazikuwa zimepumzika hata kidogo. Zilikuwa zinarefusha vijitawi vyake na kuvirudisha, zinapapasa kila kilicho jirani, kwa kasi ambayo ubongo mzima unakaguliwa kila baada ya saa chache. Ulipotobolewa mshipa mdogo wa damu kwa leza, vijitawi vilielekea pale papo hapo. Wale tuliowafikiria askari waliolala kambini wakisubiri vita walikuwa doria muda wote, hata kwa panya mzima asiye na ugonjwa.

Sasa nieleze jambo moja kwa undani, kwa sababu ndilo linalofundisha kazi hii ilivyo kuliko nadharia zote.

Nilipokwisha kuwa na maabara yangu, mwanafunzi mmoja alikuwa anachunguza alfa-sinukleini, protini inayojikusanya kwenye ubongo wa mtu mwenye Parkinson. Aliimimina kwenye mikroglia zilizokuzwa kwenye sahani, akasubiri, kisha akapima TNF, mojawapo ya kemikali ambazo seli hizi humwaga zikiamshwa. Grafu aliyoniletea ilikuwa ya kupendeza kupita kiasi. Nguzo ya seli zisizowekewa kitu ilikuwa chini kabisa, nguzo ya protini ikapanda hadi juu ya karatasi.

"Profesa, tumepata," aliniambia.

Nikamuuliza kama ameichemsha.

Swali hilo linamshangaza kila anayelisikia mara ya kwanza. Protini nyingi tunazotumia zinatengenezwa ndani ya bakteria, hasa Escherichia coli, kisha zinasafishwa. Ukuta wa bakteria huyo una endotoksini, mafuta yaliyoshikana na sukari, na hiyo hung'ang'ania protini hata baada ya kusafishwa. Mikroglia nazo zimeumbwa kuitambua. Kiasi kidogo mno, cha nanogramu, kinatosha kuziwasha. Kwa hiyo ukimimina protini chafu huwezi kujua seli zimekasirishwa na nini. Njia rahisi ya kuanzia ni kuichemsha. Protini nyingi zikichemshwa hupoteza umbo lake na kazi yake, ila endotoksini hustahimili maji yanayotokota bila shida. Njia ya pili ni kuongeza polimiksini B, dawa inayoinasa endotoksini na kuacha protini kama ilivyo. Ya tatu ni kipimo kinachotumia damu ya limulasi, mnyama wa baharini mwenye damu ya buluu ambayo huganda ikikutana na endotoksini.

Akaenda kurudia yote. Mrija uliochemshwa ulitoa nguzo karibu ndefu kama ile ya kwanza. Wenye polimiksini ukaporomoka. Alfa-sinukleini hii haivunjwi kirahisi na joto, kwa hiyo mrija wa kwanza peke yake usingetosha. Ni ule wa pili uliomaliza ubishi. Aliziweka karatasi mbili mezani kwangu bila kuketi.

"Kwa hiyo miezi yote hii nimepima uchafu?"

"Umepima uchafu, tena kwa usahihi mkubwa," nikamjibu, na namshukuru Mungu kwamba alicheka.

Alinunua protini iliyosafishwa upya, akaipima kabla ya kuimimina kwenye seli, akaanza tena. Safari hii ishara ilikuwepo, ila ndogo, na ilichukua saa nyingi zaidi kujitokeza. Hiyo ndogo ndiyo tuliyoichapisha. Mhakiki mmoja aliandika kwamba athari haikuwa ya kuvutia kama ilivyoripotiwa na wengine. Nilitamani kumuuliza hao wengine walichemsha au hawakuchemsha, lakini majibu kwa wahakiki yana adabu yake. Tangu hapo nikishika makala yoyote ya mchochota wa ubongo, naanza nyuma, kwenye sehemu ya mbinu, natafuta neno endotoksini. Likikosekana, grafu nazisoma kwa jicho moja.

Na hata seli zikiwa safi, sahani si ubongo. Mikroglia ikitolewa nyumbani kwake hubadilisha mpangilio wa jeni inazozitumia ndani ya saa chache tu. Unachokuza ni binamu yake, pengine binamu wa mbali. Panya nao wana mipaka. Wanatupa muda, wanaturuhusu kuzima jeni moja na kuangalia kinachofuata, lakini panya wa kawaida hapati Alzheimer; tunamwekea jeni za binadamu ili apate kipande cha ugonjwa, kisha tunashangaa dawa iliyomponya haimponyi mtu.

Ndiyo maana sehemu ya kazi yangu ninayoithamini kuliko zote ni ile ya bongo zilizotolewa na watu baada ya kufa. Ubongo ukifika, nusu yake huingia kwenye formalini, nusu hugandishwa kwa nyuzi 80 chini ya sifuri. Vipande vilivyokatwa vyembamba, vya unene wa sehemu ya milimita, huelea kwenye vikombe vidogo vya maji ya chumvi, na tunavihamisha kwa brashi laini ya kuchorea, kimoja kimoja. Vinatiwa kingamwili inayoshika Iba1, protini iliyomo ndani ya mikroglia, kisha rangi ya kahawia. Ukiviweka chini ya hadubini, mikroglia za mahali palipo shwari zina mwili mdogo na matawi membamba yaliyopangiliwa kila moja kwenye eneo lake, hazigusani. Sogeza sahani kidogo ufike kwenye bonge la amiloidi: hapo zimelizingira, zimenenepa, matawi yamefupika. Na kuna aina ya tatu, ambayo zamani niliiruka nikihesabu kwa sababu haikuwa na kisanduku chake kwenye fomu: seli zenye matawi yaliyokatikakatika na kuwa kama shanga, zinazoonekana kwa watu wenye umri mkubwa. Hizo hazifanani na seli zenye hasira. Zinafanana na seli zilizochoka. Bila shaka saa zinazopita kati ya kifo na kuhifadhiwa kwa ubongo nazo huharibu maumbo, kwa hiyo tunaziandika saa hizo kwa kila kipande na kuziingiza kwenye hesabu, na anayehesabu haambiwi kipande ni cha nani.

Mara moja alikuja mzee ambaye mkewe alikuwa ametuachia ubongo wake. Sheria yetu ni kwamba familia zikitaka kujua tulichokiona, tunawaeleza kwa lugha yao, bila haraka. Nilimweleza. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Sasa binti yangu, mama watoto alianza kuumwa lini hasa?"

Nikamwambia kwamba dalili alizoziona yeye zilikuwa za mwisho mwisho, na kwamba ndani kabisa ugonjwa ulianza pengine miaka 15 au zaidi kabla. Alihesabu kimyakimya kwa vidole. "Basi kitinda mimba wetu alikuwa bado shule," akasema, "na yeye ndiye aliyekuwa anamfundisha hesabu." Sikuwa na la kuongeza. Lakini nilipokuwa naandika ombi la fedha lililofuata, swali lake ndilo lililokaa kwenye ukurasa wa kwanza, ingawa kwa maneno makavu zaidi.

Mwaka 2013 ulikuja na TREM2. Makundi mawili ya watafiti yalitangaza kwa wakati mmoja kwamba badiliko moja adimu kwenye jeni hiyo huongeza hatari ya Alzheimer takriban mara tatu. Ndani ya ubongo, TREM2 iko kwenye mikroglia, na ni kipokezi kinachoisaidia seli kutambua uchafu na kuusogelea. Badiliko lile hukidhoofisha kipokezi hicho. Tafakari maana yake: tulikuwa tumetumia miaka tukisema seli hizi ni kali mno na zinahitaji kutulizwa, na sasa jeni za wagonjwa zinasema kwamba mwenye mikroglia legevu ndiye aliye hatarini. Zaidi ya hapo, watu waliorithi TREM2 iliyokufa kutoka kwa wazazi wote wawili hupata ugonjwa wa Nasu-Hakola, unaotoboa mifupa na kuleta dimenshia, yaani kupotea kwa kumbukumbu na uwezo wa akili, wakiwa bado watu wazima vijana. Kwa panya wasio na TREM2, mabonge ya amiloidi hayazingirwi vizuri, yanatawanyika, na nyuzi za niuroni zinazoyapitia zinaharibika zaidi.

Nikakumbuka ADAPT. Huenda tulikuwa tunawanyamazisha wafanyakazi katikati ya kazi.

Lakini hadithi haikugeuka tu upande wa pili, na hapa ndipo napoteza uvumilivu na wanaosema "sasa tunajua mikroglia ni nzuri". Kuna dawa zinazoziua karibu zote kwa panya kwa kuzinyima ishara inayoziweka hai. Panya huendelea kula na kukimbia, na dawa ikisitishwa seli hujaa tena katika wiki chache. Zikiondolewa kwa panya ambaye tayari amejaa mabonge, mabonge hayapungui, ila niuroni nyingi zaidi hupona na kumbukumbu inakuwa bora. Kwa hiyo wakati huo zilikuwa zinadhuru. Zikiondolewa mapema, kabla mabonge hayajaanza, mabonge yenyewe hayajengeki ndani ya ubongo kama kawaida, lakini amiloidi inahamia kwenye kuta za mishipa ya damu. Seli ileile inasaidia kujenga bonge, inalizungushia ukuta lisienee, kisha baadaye inakula miunganiko ya niuroni iliyo jirani. Ukiuliza kama ni nzuri au mbaya hupati jibu la kutumia. Ukiuliza ni mwaka wa ngapi wa ugonjwa, unaanza kupata.

Kuhusu fedha nitasema kifupi. Watoa ruzuku hupenda mradi wa miaka mitatu, na ugonjwa huu unakwenda kwa miongo miwili. Ukiandika kwamba utafuatilia watu kwa muda mrefu bila kuahidi dawa, unaambiwa huna malengo. Nimewahi kuona ombi zuri likikataliwa na ombi la hovyo likipita kwa sababu lilikuwa na neno la mtindo kwenye kichwa. Vijana ninaowafundisha nawaambia wajifunze takwimu kabla ya kujifunza mashine yoyote, kwa kuwa mashine zitabadilika wakiwa bado wanalipa karo.

Dawa sasa zipo, na nafurahi kwa tahadhari. Kingamwili ya lecanemab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, ilipunguza kasi ya kudorora kwa asilimia 27 katika miezi 18 kwa watu walio mwanzoni mwa ugonjwa. Kwenye kipimo chenye alama 18, tofauti hiyo ni 0.45. Familia hunionyesha hiyo 27, nami nalazimika kuwaonyesha hiyo 0.45, pamoja na hatari ya ubongo kuvimba na kuvuja damu kidogo, hasa kwa mwenye nakala mbili za APOE4, jeni inayoongeza hatari ya Alzheimer. Kinachonivutia mimi ni kwamba kingamwili hiyo haibebi amiloidi yenyewe kuitoa nje. Inaitia alama, na wanaokuja kuimeza, kwa sehemu kubwa, ni mikroglia. Upande mwingine, kingamwili iliyokusudiwa kuiamsha TREM2 moja kwa moja ilishindwa kwenye jaribio la awamu ya pili mwaka 2024, haikupunguza kasi ya ugonjwa. Wengi walisema dhana imekufa. Mimi nasubiri kuona kama waliopewa walikuwa kwenye hatua ambayo kuamshwa kungewafaa.

Watu wakijua kazi yangu hawaulizi haya. Huuliza wale nini ili "kuondoa mchochota kichwani". Huniletea picha za chupa za vidonge vya manjano. Jibu langu huwachosha: pima shinikizo la damu, litibu, ukianza kutosikia vizuri, tafuta kifaa cha kusikilizia, usivute sigara, linda kichwa kisigongwe. Tume ya jarida la Lancet mwaka 2024 ilihesabu vihatarishi 14 vya aina hii na kukadiria kwamba karibu asilimia 45 ya dimenshia ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Mimi mwenyewe namsumbua kaka yangu kuhusu shinikizo lake la damu kuliko ninavyowasumbua wagonjwa.

Tunachokosa, nami ndicho ninachofanyia kazi sasa, ni saa ya mikroglia kwa mtu aliye hai. Amiloidi tunaiona kwa picha, na tau, protini ya yale mafundo, inapimika kwenye damu kwa umbo liitwalo p-tau217. Kwa mikroglia tulitegemea picha za protini TSPO, tukiamini kwamba mwanga mkali maana yake ni seli zilizoamshwa. Kwanza ikabidi tuwapime jeni wanaojitolea, kwa kuwa badiliko moja la kawaida hubadilisha jinsi kemikali ya picha inavyonata. Kisha mwaka 2023 ikaonyeshwa kwamba kwa binadamu, tofauti na panya, mwanga huo unatueleza seli ziko ngapi, hautuelezi zina hali gani. Picha nilizozitafsiri kwa muongo mzima inabidi zisomwe upya.

Kwa hiyo tumehamia kwenye maji ya uti wa mgongo, tunapima kipande cha TREM2 kinachokatika na kuelea humo. Kwa wagonjwa huelekea kupanda karibu na pale dalili za kwanza zinapoanza. Watu wetu waliojitolea hawana dalili, na wanarudi kuchukuliwa maji hayo tena na tena. Tumeandika mapema, na kuweka hadharani, matokeo yatakayotufanya tukubali kwamba dhana yetu imeanguka: kipande hicho kisipopanda kabla ya alama za kumbukumbu kuanza kushuka, hakifai kuwa saa, na tutatafuta protini nyingine.